Mwenye Faili ni Namba 1001

Mimi ni mtu wa chama. Nimebeba bendera nyekundu tangu nina miaka kumi na tisa, nimehutubia mikutano ya kupinga ushirikina katika wilaya tatu, na niliwahi kulala chini ya mti wa pala, ambao kwetu wanasema anakaa jini mwanamke mnyonya damu. Asubuhi damu yangu ilikuwa imenyonywa kweli, ila na mbu. Natanguliza haya ili usinidhanie mtu wa kushtushwa na paka. Yaliyompata mama yangu mkubwa, Kamalam, niliyaona kwa macho yangu, na mengine, Mungu ambaye simwamini anisamehe, niliyasababisha kwa mikono yangu.

Ilianza Jumapili ya kawaida katika mwezi wa Karkidakam, mvua ikinyesha tangu alfajiri na uji wa dawa ukitokota katika kila jiko. Mimi hufundisha kompyuta katika shule ya serikali. Mashine zetu zote zinatumia Linux, kwa hiyo jamaa yeyote ambaye kompyuta yake imekohoa huniita mimi. Mama Mkubwa alinipigia simu saa tatu.

"Dineshan, njoo. Hii kompyuta ina kichwa kigumu kuliko chako."

"Imefanya nini tena?"

"Nataka kumwona Ammu. Kila nikifungua picha yake, inafunguka kwenye ile programu ya Mwalimu."

Ammu ni mjukuu wake, wakati huo akiwa na miezi saba, huko Sharjah anakofanya kazi baba yake, Jayan, mtoto pekee wa Mama Mkubwa. Mwalimu ni marehemu mumewe, Achuthan. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata mkewe. Ndiye aliyeleta kompyuta shuleni kwetu na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alipostaafu akajipa kazi moja tu: kutengeneza picha za wafu.

Kwetu, mtu akifa, jamaa huleta picha yoyote waliyo nayo, ya harusi au ya kitambulisho. Mwalimu alimkata mtu huyo kutoka katikati ya wenzake walio hai, akamweka peke yake juu ya rangi ya samawati, tayari kuvishwa shada la maua na kutundikwa ukutani. Alifanya kazi kila siku saa kumi na moja alfajiri, baada ya kikombe cha chai ya rangi, na picha moja ilimchukua alfajiri tatu, si mbili wala nne. Hakuwahi kuacha hata unywele wa mtu mwingine. Mwaka mmoja kasoro mwezi ulikuwa umepita tangu yeye mwenyewe atundikwe ukutani.

Nilifika nikiwa nimelowa chapachapa. Shida yenyewe ilikuwa ya kitoto. Nilibofya picha kwa kitufe cha kulia, nikachagua programu ya kutazamia picha, nikaweka iwe hiyo siku zote. Ammu akatokea akicheka kwa ufizi mtupu. Mama Mkubwa akagusa skrini kwa vidole viwili kisha akavibusu.

"Umeona?" nikamwambia. "Dakika moja."

Jumatatu akanipigia tena. Picha zilikuwa zimerudi kwenye programu ya Mwalimu.

Safari hii nilikaa kitako. Kuna faili moja ndogo iliyofichwa ambamo kompyuta huandika kitu gani kifunguliwe na programu gani. Nikaitafuta, nikaangalia ni ya nani. Katika Linux kila faili ina mwenyewe. Mwenyewe ana jina, lakini chini ya jina ipo namba, na mashine inaijali namba tu. Ukimfuta mtu kwenye orodha ya watumiaji, jina lake hutoweka, na faili zake hubaki mali ya namba isiyo na mtu.

Palipotakiwa kuwa na jina la Mama Mkubwa paliandikwa 1001.

Nilicheka kwa raha, maana kosa lilikuwa langu na nililijua. Namba 1001 alikuwa Mwalimu. Siku ya nne baada ya kumchoma maiti, nilimfuta mwenyewe ili kumpa mjane kompyuta isiyo na mambo mengi. Alinisihi siku ile, "Huwezi kumwacha tu hapo alipo?" Nami nikamjibu, "Mama Mkubwa, marehemu hahitaji nywila." Kisha nikanakili mipangilio yake yote kwenye akaunti ya mkewe, nikasahau kubadilisha mwenye faili. Ndiyo maana chaguo halikuwa likishika: Mama Mkubwa alikuwa akijaribu kuandika kwenye daftari la mtu mwingine.

"Kwa hiyo ni Mwalimu anakataa," akasema.

"Si Mwalimu. Ni ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Nikamwambia, Mama Mkubwa, leta uji. Nikaihamisha faili iwe mali yake, nikaweka programu upya, nikazima na kuwasha mara mbili. Ikashika. Nilikwenda zangu nikipiga mluzi.

Jumanne niliitwa kabla sijamaliza kunyoa. Nilikuta faili imerudi. Mwenyewe: 1001. Iliandikwa upya saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri.

"Umeme ulirudi saa ngapi?" nikauliza, maana mti ulikuwa umeangukia nyaya na kijiji kizima kililala gizani.

"Saa moja. Nami niliichomoa tangu jana jioni, kwa ajili ya radi. Hata sasa umeichomeka wewe."

Nilikumbuka. Nilipoingia, plagi ilikuwa imelala sakafuni.

Nilikuwa bado najishawishi kwamba ni saa ya ndani ya mashine iliyoharibika, mara Leela akabisha hodi, mwavuli mkononi, macho yamevimba. Ni binti wa Kunjappan, mwenye kibanda cha chai njia panda. Baba yake alikuwa amefariki saa moja asubuhi ile, moyo, akiwa anawasha jiko.

"Najua Mwalimu hayupo," akasema. "Lakini baba alipigwa picha nzuri siku ya harusi ya Jayan. Hata ikiwa haijakatwa, tutaipokea hivyo hivyo."

Mama Mkubwa alinigeukia mimi, akaninong'oneza, "Jumamosi nilikuwa naangalia picha za harusi ya Jayan. Zilifunguka kwenye programu ya Mwalimu. Nikazifunga tu."

Nikafungua folda aliyokuwa akiwekea kazi zake. Kwa karibu mwaka mzima haikuwa imeingia kitu. Sasa ilikuwa na faili mbili mpya.

Ya kwanza ilikuwa Kunjappan. Alikuwa peke yake, juu ya samawati. Kila unywele ulikuwa umefuatwa kwa uangalifu. Ilianzwa Jumapili alfajiri na kumalizwa Jumanne ile ile alfajiri, Kunjappan akiwa bado hai, labda akitafuta kiberiti.

Leela akabubujikwa na machozi ya shukrani. "Kumbe mmeshaiandaa! Nani aliwahi kuwaambia?"

Nikamwekea picha kwenye simu yake bila kumtazama usoni. Alipoondoka ndipo nikafungua ya pili.

Jayan, katika shati lake la harusi. Bibi harusi aliyekuwa kushoto kwake alikuwa ameshakatwa. Samawati ilikuwa imefika begani. Imeanzwa leo, saa kumi na moja na dakika kumi.

Mama Mkubwa alihesabu kwa vidole, polepole. Jumanne. Jumatano. Alhamisi.

"Hakula," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu. Siku ya kumi na sita. Kunguru hakuja."

Sikutaka anikumbushe. Siku ya kumi na sita mtoto wa kiume humwandalia baba yake matonge ya wali, hulowesha mikono na kupiga makofi, na kunguru huja kula. Kunguru akila, marehemu ametosheka, ameondoka. Jayan hakupata likizo. Mama Mkubwa alitaka tumsubiri hata mwezi. Mimi, mwerevu wa ukoo, nikasema hakuna haja. Nikamwambia Jayan arekodi maneno yake ya ibada, nikayacheza kwenye spika za kompyuta ile ile, na makofi nikapiga mimi. Nikawaambia wote waliokuwepo, "Kunguru ni kunguru tu. Hana sikio la kutofautisha Sharjah na hapa." Wali ulikaa juani hadi ukakauka. Jioni tuliwaachia sisimizi.

Nikampigia Jayan. Anafunga vioo kwenye maghorofa, yeye na wenzake wawili juu ya jukwaa linaloning'inia kwa kamba za chuma.

"Omba likizo uje," nikamwambia. "Ijumaa ni Vavu, siku ya kuwalisha wafu. Mlishe baba yako kwa mkono wako."

Akacheka hadi akakohoa. "Wewe, komredi? Si ulisema kunguru ni kunguru tu?"

"Nilisema."

"Leo kunguru mwoga anakimbiza ubawa wake!"

"Jayan, kaombe likizo. Leo. Na Alhamisi usipande juu."

Alinijua tangu utotoni, na hakuwahi kunisikia nikiomba kitu kwa sauti ile. "Msimamizi wangu ana roho ya jiwe," akasema mwishowe. "Nitajaribu."

Nilitaka kuing'oa diski nikaitupe mtoni. Mama Mkubwa akaikumbatia mashine. Kila picha ya mumewe ilikuwa mle, pamoja na sauti yake, pamoja na Ammu. "Na ukiitupa ikiwa nusu," akauliza, "mwanangu atabaki nusu?"

Jumatano alfajiri nilikwenda kukaa mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimeichomoa, na plagi nimeishika mkononi. Mkono mwingine nilivaa saa ya Mwalimu, ile aliyopewa na shule siku ya kustaafu, yenye ufa kwenye kioo. Mama Mkubwa alinipa mimi baada ya msiba. Saa kumi na moja na dakika tano. Mvua ilikuwa imepumzika. Skrini nyeusi. Saa kumi na moja na dakika kumi nikasikia harufu ya chai ya rangi.

Jikoni hapakuwa na moto.

Kisha nikasikia kipanya. Kilikuwa mbele yangu, juu ya meza. Hakikusogea. Lakini kilibofya. Kikatulia. Kikabofya tena. Polepole, kama mtu anayekata ukingo wa sikio na hataki kukosea. Nilihesabu mibofyo hadi mia mbili, kisha nikaacha kuhesabu.

Ilipokoma, kulikuwa kumepambazuka. Nilichomeka plagi, nikawasha. Samawati ilikuwa imepita juu ya kichwa cha Jayan na kushuka hadi sikio la kulia. Kilichobaki ni bega moja na kiwiko.

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa hofu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mtu aliyenifundisha kuandika jina langu kwenye skrini, nilimfutia lake siku ya nne, majivu hayajapoa. Nikamnyima mwanawe, nikampa spika. Alikuwa amebaki namba. Namba haijui huyu ni mwanangu na huyu ni Kunjappan. Inafanya kazi iliyoizoea, kwa picha yoyote inayofunguliwa mbele yake.

Basi nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikaunda upya akaunti, nikaandika jina achuthan, na nikailazimisha mashine impe namba yake ya zamani, 1001. Kisha nikaangalia tena mwenye zile faili. Ile namba haikuwepo. Kila mahali paliandikwa achuthan.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sasa amerudi kwake?"

"Sasa ana jina."

"Anaweza kunisikia?"

Siku nyingine ningemcheka. "Sijui, Mama Mkubwa."

"Nifungulie hapo kwake. Kisha kachemshe chai, uniache naye kidogo."

Nikafanya alivyosema. Kutoka jikoni nilimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, akigomba kidogo, kama alivyokuwa akimgombeza mumewe alipoacha kandambili mlangoni. Nilishika maneno machache tu. "Yule mwache," alisema. "Bado ana mtoto mchanga. Yule mwache."

Nilipoleta chai alikuwa ameshafunga kila kitu na amejipangusa uso. "Haya," akasema, "jaribu sasa."

Nikaweka programu ya kutazamia picha. Ikashika. Nikazima, nikawasha. Ikashika.

Alhamisi asubuhi ilikuwa bado imeshika. Picha ya Jayan ndani ya folda ilikuwa imerudi nzima, na bibi harusi wake, na wageni, na hata mtoto aliyekuwa akila ladu kwenye kona. Nilipiga ngumi ya ushindi hewani. Saa nne Jayan akapiga simu.

"Kamba imekatika," akasema. "Wenzangu wawili wako hospitali, wameumia miguu. Mimi nilikuwa chini ofisini, msimamizi ananisainia likizo."

"Njoo nyumbani," nikamwambia.

"Tunakuja leo. Mimi, mke wangu na Ammu."

Ijumaa, siku ya Vavu, mvua ilikatika kana kwamba mtu ameifunga. Jayan aliketi uani, nguo bado ina harufu ya safari, akapanga matonge juu ya jani la mgomba. Akalowesha mikono, akapiga makofi matatu. Kunguru alishuka kabla ya kofi la nne. Alikula polepole tonge la kwanza hadi punje ya mwisho, akapangusa mdomo kwenye ukingo wa jani, akaruka. Mama Mkubwa aliutazama ule wali uliobaki akitabasamu, Ammu mapajani. Siku nzima hakumshusha mtoto yule. Jioni aliniita kando.

"Usimfute tena," akasema. "Hata mimi nikiwa sipo."

"Simfuti."

"Wewe ni mtoto mzuri, Dineshan. Una kelele tu."

Jumamosi asubuhi Jayan ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mwalimu mbele ya kompyuta iliyozimwa, kikombe cha chai ya rangi pembeni, mikono mapajani, kama mtu aliyesinzia kidogo akisubiri kuitwa. Daktari alisema ni moyo, tena umesimama taratibu, bila maumivu.

Baada ya kumchoma maiti, Jayan aliniomba tutafute picha ya kutundika. Niliwasha mashine. Nilijua tayari nitakachokikuta.

Ndani ya folda kulikuwa na faili mpya. Imeanzwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Imemalizwa Jumamosi, dakika ile ile. Mwenyewe: achuthan. Nikaangalia imetokana na picha gani, na picha hiyo ilifunguliwa lini. Ilikuwa ni picha ya harusi yao, ya mwaka 1974. Ilifunguliwa Jumatano asubuhi, wakati mimi niko jikoni nachemsha chai.

Nilibofya. Ikafunguka kwenye programu ya kutazamia, kama nilivyopanga. Mama Mkubwa, miaka ishirini, maua ya asumini kichwani, peke yake juu ya samawati. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Jayan alilia kwa sauti. Kisha akaisogelea skrini.

"Baba amekosea," akanong'ona. "Hajawahi kukosea."

Kwenye bega la mama yake ulibaki mkono wa mwanamume. Haukukatwa. Ulikuwa umetulia pale, vidole vimelegea, kama mkono wa mtu aliyefika kwake.

Nikafungua picha ya harusi yenyewe, ile ya asili, tulinganishe. Bwana na bibi harusi wamesimama mbali mbali, kama walivyopigwa picha wote enzi zile, mikono imenyooka ubavuni, na kati yao pengo ambalo mtu wa tatu angeweza kupita. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Nikarudi kwenye ile ya samawati, nikaikuza hadi ule mkono ukajaa skrini nzima. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na saa, na kioo cha saa kilikuwa na ufa. Niliitambua, kwa sababu nilikuwa nimeivaa.